Kila Kitu na Siku Yake

Siku tulipomhamisha mama kutoka Kibenga, mtaa wa kando ya ziwa, maji yalikuwa yameshapanda ngazi mbili za baraza yake. Majirani wengi walikuwa wameondoka wiki nzima kabla. Mimi na mume wangu tulikodi kamyoneti, gari dogo la mizigo, tukidhani tutapakia kitanda, godoro, masufuria na nguo, kisha twende zetu. Tulimkuta mama amesimama mlangoni, kitenge kimekunjwa hadi magotini, miguu ndani ya maji. Akasema hatoki mpaka vitu vyake vitoke kwanza.

"Vitu gani, Mama?"

"Vyote. Mi siachi kitu hapa."

Tulikwenda safari tatu. Bidoni za maji, yale madumu ya plastiki, zilizotoboka na zisizotoboka. Makopo ya maziwa ya unga, yamepangwa moja ndani ya jingine. Mipira ya baiskeli, waya wa umeme, nusu ya kioo, magunia yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba, madaftari yangu ya shule ya msingi yaliyokwisha kuliwa na panya pembeni. Dereva aliinua mlango wa friji, mlango mtupu usio na friji yake, akamtazama kana kwamba mama anatania.

"Mama, hata hii?"

"Hata hiyo. Siku moja utatafuta kitu cha kufunikia pipa, hautapata."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake tangu nikiwa mdogo: kila kitu kiko na siku yake. Alilisema akiokota msumari njiani, akiosha sashe, mfuko wa plastiki, na kuianika kwenye kamba pamoja na nguo. Sisi watu wa Uvira, upande wa Kongo, tuliovuka mpaka kuja Bujumbura tulikuwa na mama wengi wa namna hiyo, na sikuona ajabu. Aliuza mafuta ya mawese sokoni, akanisomesha peke yake, maana baba alikuwa amekufa kabla hatujaondoka. Nikiomba kalamu, iko. Nikiomba kipande cha kitambaa cha kufungia kidole, kiko. Nilikuja kuona uzito wa tabia hiyo pale tu alipokuja kukaa kwangu.

Tulikuwa tunapanga nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya nyumba kubwa ya mwenye uwanja, yaani mama aliyetupangisha, huko Kinindo. Chumba cha tatu kilikuwa cha binti yetu wa miaka sita. Tulimpa mama chumba hicho alale na mjukuu wake, na vitu tukaviweka humo. Vilipojaa humo vikatoka koridoni, kisha chini ya meza ya salo, pale sebuleni, kisha nyuma ya mlango wa jikoni. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mtu mpole anayependa kukuta kalamu yake pale alipoiacha. Mwezi wa kwanza alinyamaza. Mwezi wa pili alijikwaa kwenye bidoni gizani umeme ulipokatika, akaumia ukucha, akanyamaza tena. Mwezi wa tatu akaniambia kwa sauti ya chini, "Ongea na mama yako. Mimi ni mkwe, siwezi."

Niliongea. Mama alinisikiliza mpaka mwisho akichambua maharage.

"Unataka nitupe nini?"

"Zile chupa, Mama. Zile makopo."

"Kopo gani? Ya unga ama ya chumvi? Ama ya dawa?"

Hapo ndipo nilipojua kuwa kuna kopo la dawa. Alilileta nilione. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa, limejaa vidonge kwenye vipande vya karatasi, chupa ndogo za dawa ya maji ya kikohozi, marhamu iliyokauka. Dawa za kila mtu aliyewahi kuugua karibu naye, zilizobaki baada ya kupona au baada ya kufa. Nilimwambia dawa zina mwisho wake, zikipita tarehe si dawa tena. Akasema tarehe ni biashara ya wenye farmasi. Nikacheka. Nililiona kopo lile kwa macho yangu, nikalishika, nikacheka, na kulirudisha mikononi mwake. Jambo hilo bado linanisumbua kuliko mengine yote niliyofanya baadaye.

Ilikuwa msimu wa mvua. Mtoto aliamka na kikohozi na joto kidogo, nikamwacha na mama nikaenda kazini. Nauza vitambaa katika duka moja pale Asiatique, mtaa wa maduka. Karibu na saa nane mchana simu ikalia.

"Mutoto amelala," mama akasema.

"Muache alale, Mama. Ni homa."

"Apana. Namuamusha, haamuki muzuri."

Siku zile mafuta ya gari yalikuwa shida mjini. Magari yalikuwa yamejipanga kwenye vituo tangu jana yake, na barabarani hapakuwa na teksi. Nilivua viatu vya kazini nikatembea, nikikimbia palipo tambarare. Njiani mume wangu akanipigia: mama mwenye uwanja, ambaye gari lake lilikuwa na mafuta kidogo, alikuwa amemchukua mtoto na mama yangu, wako kliniki. Nikageuza njia.

Niliwakuta kwenye chumba kidogo chenye harufu ya sabuni. Mtoto alikuwa amelazwa, sindano ya maji mkononi, mdomo wazi, macho yakifunguka nusu na kujifunga. Daktari, kijana mwenye miwani, alikuwa anauliza kwa utaratibu mtoto amekula nini, amekunywa nini. Mama alikuwa amesimama kando ya ukuta. Daktari akauliza tena. Ndipo mama akafungua fundo la kitenge chake akatoa chupa ndogo ya kahawia.

"Nilimupa hii. Vijiko mbili. Ni ya kukohoa."

Daktari aliinua ile chupa kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi yake ilikuwa imefutika, zimebaki herufi tatu au nne.

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya jirani, kule Kibenga. Alihama, akaniachia."

"Zamani?"

Mama alitazama sakafu. Daktari akanieleza kwamba hajui kwa hakika ni nini, ila inaonekana ni dawa ya mtu mzima inayoleta usingizi, na tena imeharibika. Wataendelea kumpa maji na kumwangalia anavyopumua. Alisema tumewahi kumleta. Alilisema mara mbili hilo, kwamba tumewahi, nami nilisikia tu lile ambalo hakulisema.

Mama alipotoka, nilimfuata koridoni. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi. Sikujali.

"Utamuua mutoto wangu na takataka zako," nikamwambia. "Umesikia? Takataka!"

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akageuka upande wa pili. Katika maisha yangu sikuwahi kumpandishia mama sauti, na katika desturi yetu mtu hampandishii mama yake sauti, sembuse mbele ya watu. Mama alifunga tena lile fundo la kitenge, ingawa halikuwa na kitu ndani, akaenda kukaa mwisho wa benchi.

Mtoto alipata nafuu. Kesho yake asubuhi aliomba chai, na siku ya tatu tulirudi naye nyumbani. Nilimshukuru Mungu kama watu wote wanavyomshukuru. Lakini hasira yangu haikwenda popote. Ilinifuata dukani na mezani, na usiku nilikuwa namhesabia mtoto pumzi.

Jumapili iliyofuata mama alikwenda kanisani kama kawaida, ibada ndefu, ya kwaya tatu. Alipofunga tu lango la uwanja, nikamwambia mume wangu, "Leo."

Akanitazama. "Ungemngoja arudi."

"Akirudi, hakitatoka hata kijiko."

Tulifanya kazi kwa muda wa saa nne. Kopo la dawa nilianza nalo mimi mwenyewe. Nililimwaga chooni, maji yakageuka rangi ya waridi, halafu kijani. Mtu anayenunua plastiki kuukuu alikuja na mkokoteni akachukua bidoni zote, nzima na mbovu. Wengine walichukua magunia, mipira, waya. Mlango wa friji ulibebwa na watu wawili waliokuwa wakicheka. Vilivyobaki tulivipakia kwenye gari la taka. Nitasema kweli: nilifurahi. Kadiri chumba kilivyokuwa kinafunguka, kifua changu nacho kilikuwa kinafunguka. Nilipiga deki mara mbili, nikatandika shuka jipya kwenye kitanda cha mama, nikaweka kiti kimoja karibu na dirisha ambalo tangu aje hatukuwahi kulifungua. Nilijiambia kwamba nimempa chumba kizuri.

Mama alirudi saa saba. Alisimama kwenye kizingiti cha chumba, mkoba wa Biblia mkononi.

"Mumefanya kazi," akasema.

"Ndiyo, Mama. Sasa utapumua vizuri."

"Na bidoni?"

"Tumewapa watu."

"Zote?"

"Zote."

"Aya."

Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akavua viatu vyake akavipanga. Nilingoja kelele, kilio, laana hata. Nilikuwa nimejiandaa kujibu. Akauliza kama chakula kiko tayari.

Siku tatu baadaye sikuweza kuvumilia tena. Nilimkuta nje, amekaa juu ya kigoda akimenya ndizi, nikachuchumaa mbele yake kama nilivyokuwa nikifanya utotoni nikitaka kusamehewa.

"Mama, lile neno nilisema kule kliniki. Unisamehe."

Aliendelea kumenya.

"Unakumbuka mudogo yako?" akaniuliza.

Nilikuwa na mdogo wangu aliyekufa mwaka tuliovuka mpaka. Nilijua kwamba alikufa kwa homa, basi. Katika nyumba yetu jambo hilo halikuongezewa neno. Nilikuwa na miaka sita wakati ule. Nakumbuka mgongo wa mama ukitembea mbele yangu na kichwa kidogo kikilala juu yake, zaidi ya hapo sina kitu.

"Alikuwa na homa siku mbili mbele ya kukimbia," mama akasema. "Nilikuwa nimemununulia dawa. Ilikuwa juu ya kabati. Watu walipoanza kupiga kelele njiani nilikamata we kwa mukono, yeye nikamubeba mugongoni, nikatoka. Dawa niliiona. Nilisema apana, kesho tutarudi. Nilibeba nini? Nilibeba funguo na sufuria."

Alisimamisha kisu.

"Usiku tulilala kwa manyasi, hatujafika mupaka. Aliungua mpaka asubuhi. Mi nilikuwa naona ile chupa, vile iko juu ya kabati. Hata sasa naweza kukuonyesha ilikuwa upande gani."

Nikamshika goti.

"Njo maana nilikuwa naweka," akasema. "Ile siku ikirudi, isinikute mikono mitupu. Miaka hii yote. Sasa imerudi, mutoto amekohoa, mi niko na dawa. Nilifurahi, unajua? Nilifungua ile kopo nikafurahi. Na ile niliweka ndiyo ilitaka kumuua." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu kliniki. "Haukusema uongo. Ni takataka."

Akachukua ndizi nyingine.

Toka hapo mama hakuweka kitu tena. Mwanzoni hatukutambua; mume wangu alisema tu kwamba amani imerudi nyumbani. Kisha nikaona kwamba chakula kinachobaki usiku anakimwaga, yeye aliyekuwa akikausha hata maganda. Mkate ukibaki nusu anawapa ndege. Sashe nilizoleta kutoka sokoni alizitia kwenye taka zikiwa mpya.

Halafu maji yakakatika mtaani. Si jambo geni. Hukatika siku moja, mbili. Safari hii yalikatika siku nne, na katika nyumba yetu hapakuwa na chombo cha kuwekea maji ila ndoo moja na masufuria. Nilizunguka kwa majirani nikiomba kuazima bidoni, mimi niliyekuwa nazo zaidi ya ishirini koridoni. Mama alinitazama nikitoka na nikirudi. Ningefurahi angeniambia, "Sikusema?" Zamani, mtu akihitaji msumari na mama akawa nao, alitembea siku nzima kama aliyeshinda kesi. Sasa alinipokea ndoo mlangoni, akaitua, akasema, "Pole."

Nilianza kumletea vitu. Ni aibu kusimulia. Nilimletea kutoka dukani vipande vya vitambaa vilivyobaki, vile ambavyo zamani angevikunja kwa miezi. Nilimletea kopo zuri la bati lenye kifuniko. Nilinunua bidoni mbili mpya, za njano, nikaziweka chumbani mwake bila kusema. Kesho yake nilizikuta kwa mlinzi wa lango.

"Mama, zile zilikuwa zako."

"Yeye hana. Anachota maji mbali."

"Na we ukihitaji?"

"Nitahitaji nini?"

Akaanza kutoa nguo. Vitenge vyake vizuri, vile vya sikukuu, vilikwenda kwa wanawake wa kanisa waliofika majuzi kutoka ng'ambo, wakikimbia kama tulivyokimbia sisi. Sikuweza kumlaumu kwa hilo. Kisha akatoa blanketi la pili. Kisha siku moja nikakuta sanduku lake halipo, lile la chuma lililokuwa limebaki chini ya kitanda kwa sababu lilikuwa na nguo zake. Nguo chache zilizobaki alikuwa amezipanga juu ya kiti.

"Sanduku liko wapi?"

"Nimemupa mama mumoja. Anatoka, anaenda kambini na watoto."

"Na ukisafiri?"

"Niende wapi?"

Niliogopa. Nimeshaona wazee wakigawa vitu vyao hivyo, mmoja mmoja, kwa upole, na majirani wakisema baadaye kwamba alikuwa akijua. Niliongea na mume wangu. Akasema huenda ni amani ya Mungu. Niliongea na mchungaji wake. Akasema mama yangu ni mfano kwa kanisa. Wote wawili walimwona mtu aliyefunguliwa. Mimi nilimwona mtu aliyeacha kuingoja kesho, na nilijua nani alimwachisha.

Mwishowe nilimwuliza waziwazi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tuko wawili jikoni.

"Mama, unataka kufa?"

Akacheka, kicheko kifupi cha kushtuka. "Mi? Apana. Nani amesema?"

"Unagawa kila kitu."

"Nimechoka kubeba, mutoto yangu. Tangu Uvira nabeba." Akafuta mikono. "Lakini nitakuambia kweli. Asubuhi nikiamuka nashindwa kujua nifanye nini. Zamani nilikuwa naamuka, nahesabu: kopo iko, kamba iko, chumvi iko. Moyo unatulia. Sasa naamuka, naangalia ukuta."

"Nimekukosea, Mama."

"Umenikosea," akasema, bila ukali, kama anayeniambia saa. "Ungeningojea nitoke kanisa. Ungesema, Mama, tutupe pamoja. Dawa, ningetupa mi mwenyewe na mukono yangu. Zile zingine tungeangalia."

Nililia pale jikoni. Hakunibembeleza, wala hakuondoka. Baadaye, kwa kuwa sikujua nitengeneze vipi, nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza kwa miaka yote ile.

"Mudogo yangu alikuwa namna gani?"

Alivuta kigoda akakaa.

"Munene," akasema. "Mashavu namna hii. Alikuwa anapenda kunishika sikio akinyonya. Ukimuondoa mukono analia. We ulikuwa unamuonea wivu. Siku moja ulimufinya, nikakuchapa."

"Nilimfinya?"

"Kwa muguu. Hapa." Akagusa kisigino chake mwenyewe.

Aliniambia mengi asubuhi ile: jina ambalo baba alitaka kumpa na lile alilopewa, jino moja lililokuwa limetoka, namna alivyoogopa kuku. Nilisikiliza kama ninayepewa vitu mkononi. Nilipotaka kumwuliza walimzika wapi, akatikisa kichwa, nikaacha.

Tulikuwa bado tumekaa pale binti yangu alipoingia na sweta lake la shule. Kifungo cha juu kilikuwa kimeng'oka na kupotea.

"Koko, nipe kifungo," akamwambia bibi yake.

"Sina, mujukuu."

Mtoto alimtazama kana kwamba hakuelewa neno hilo. Mimi nikainuka niende dukani, lakini mama alikwishalichukua lile sweta, amelitia chini ya kwapa, akavaa ndala zake. Alivuka uwanja taratibu hadi mlango wa nyuma wa nyumba kubwa, akapiga hodi. Sikumbuki kumwona mama akienda kuomba kitu kwa mtu. Nilimwona kupitia dirishani akisimama pale, mikono imeshika sweta mbele, akieleza. Mama mwenye uwanja aliingia ndani, akarudi na kitu kwenye kiganja, wakaongea kidogo.

Alirudi na sindano yenye uzi na vifungo viwili. Alikaa penye mwanga akashona kimoja, akakaza, akakata uzi kwa meno. Kisha akainuka tena, akavuka uwanja, akarudisha sindano na kile cha pili.